Protini za Kumbukumbu Hazisubiri Treni ya Dar

Ukivua viatu pale mwaloni Kibirizi ukakanyaga mchanga, seli ya neva inayokuletea habari za kidole gumba cha mguu haiishi mguuni. Mwili wa seli hiyo, pamoja na kiini chake, umekaa kiunoni pembeni ya uti wa mgongo, na kutoka hapo unateremka uzi mmoja usiokatika hadi kwenye ngozi ya kidole. Karibu mita nzima, na yote hiyo ni seli moja. Kitabu cha sekondari kinasema maelekezo ya kutengeneza protini yako kwenye DNA ndani ya kiini, na ribosomu zinazozitengeneza ziko nje kidogo tu ya kiini hicho. Sawa. Ila kuna protini za kiunzi cha uzi huo ambazo husafiri milimita chache tu kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: zikitoka kiunoni leo, zile za haraka zitafika kidoleni baada ya miezi mingi, na za pole zitavuka mwaka.

Nafundisha biolojia sekondari hapa Kigoma, na hesabu hiyo huwa naiandika ubaoni kabla sijagusa habari yoyote ya kumbukumbu. Watoto wa huku wanaipata upesi. Kusubiri kitu kinachotoka mbali wanakujua: reli ilifika hapa 1914, ni zaidi ya kilomita 1,200 toka Dar es Salaam, na mvua zikishalamba tuta kule Kilosa mzigo wako unalala hukohuko mpaka tuta litengenezwe.

Baba yangu mdogo ana mashine ya kukereza vyuma, si mbali na mwalo. Mvuvi akiharibikiwa bushi ya injini usiku ziwani, asubuhi haagizi Dar, anakwenda kwa baba mdogo. Vipimo anavyo, amevichora kwa penseli kwenye daftari la kaunta lililojaa grisi, kurasa baada ya kurasa, kila aina ya injini inayopita mwalo huu. Anakibana kipande cha shaba kwenye mashine, anakereza, anasimamisha, anapima, anakereza tena unywele mmoja. Vinyweleo vya shaba vinaruka na kumganda mikononi hadi kwenye viwiko. Nikamuuliza mbona asikereze bushi nyingi akaziweka rafuni, mteja akija anachukua tu. Akaniangalia kama mtu asiyejua pesa. "Shaba ni mtaji, mwanangu. Nikereze mia zikose mwenyewe?" Kwa hiyo michoro ipo, shaba ipo, mashine ipo, na hakuna kinachofanyika mpaka mvuvi aingie mlangoni na bushi iliyokufa mkononi.

Hivyo ndivyo seli ya neva inavyoishi. Nakala za maelekezo kutoka kwenye kiini, yaani RNA mjumbe, zinatumwa mapema hadi kwenye matawi ya mbali ya seli. Zikifika zinanyamazishwa. Ribosomu ziko jirani. Kinachokosekana ni amri, na amri hiyo inatoka kwenye sinapsi yenyewe, pale seli mbili zinapoongea.

Kwa ubongo umbali wala si tatizo kubwa kama ilivyo kwa kidole cha mguu. Matawi ya seli ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu mpya, hayafiki hata milimita moja. Tatizo ni anwani. Seli moja ya aina hiyo inaweza kuwa na sinapsi elfu kumi. Ukijifunza jina la mtu, sinapsi chache ndizo zinazotakiwa kuimarika na nyingine zote zibaki kama zilivyokuwa. Kiini kikimwaga protini kwa seli nzima, nani atazielekeza? Ukiimarisha zote kwa pamoja hujajifunza chochote, umepandisha sauti tu.

Mwaka 1982 Oswald Steward na William Levy walichapisha picha za hadubini ya elektroni zilizowafanya watu wakae vizuri kwenye viti. Vikundi vya ribosomu vilikuwa vimekaa chini kabisa ya vile vichipukizi vidogo vya kwenye tawi ambako sinapsi hukaa, na havikutawanyika ovyo. Picha peke yake haithibitishi kwamba kazi inafanyika. Uthibitisho ulikuja 1996, pale Hyejin Kang na Erin Schuman walipochukua vipande vya hipokampasi ya panya, wakayatenga matawi na miili ya seli zake, kisha wakatia BDNF, protini ambayo ubongo huitumia kuambia seli zikue na ziimarike. Sinapsi ziliimarika ijapokuwa kiini kilikuwa kimekatwa. Walipozuia utengenezaji wa protini, uimara huo haukutokea. Mwaka uliofuata kundi la Eric Kandel likafanya jambo la namna hiyo kwa konokono wa baharini aitwaye Aplysia: seli moja yenye matawi mawili, serotonini, kemikali ya kupelekeana ujumbe kati ya seli za neva, ikatiwa kwenye tawi moja tu, na tawi hilo ndilo lililobadilika. Kandel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Na 2012 maabara ya Schuman huko Frankfurt ilihesabu RNA mjumbe zilizoko kwenye eneo la matawi na nyuzi, wakapata aina 2,550. Daftari la baba mdogo halina kurasa nyingi hivyo.

Kwamba kumbukumbu ya kudumu inahitaji protini mpya lilijulikana mapema kuliko hayo. Louis Flexner na wenzake walichapisha mwaka 1963 kwamba panya waliodungwa puromaisini kwenye ubongo, dawa inayokata kazi ya ribosomu, walisahau walichofundishwa. Bernard Agranoff akatumia samaki wa dhahabu, wale wa kufugwa kwenye vioo. Samaki alijifunza kuvuka kizuizi taa ikiwaka ili akwepe shoti ya umeme. Akipewa puromaisini mara tu baada ya mafunzo, siku zinazofuata hakumbuki. Akipewa saa moja baadaye, anakumbuka vizuri tu. Saa moja! Na jambo la kutazama zaidi ni kwamba wakati wa mafunzo yenyewe samaki anajifunza kama kawaida. Kumbukumbu ya muda mfupi haihitaji protini mpya. Ya kudumu ndiyo inayohitaji, na dirisha lake ni jembamba.

(Kila mwaka mwanafunzi mmoja huuliza kama doksisaiklini aliyopewa hospitali itamfanya asahau. Hapana. Hiyo inabana ribosomu za bakteria, ambazo umbo lake ni tofauti na zako. Puromaisini haichagui, ndiyo maana hakuna daktari atakayekuandikia.)

Sasa twende kwenye amri yenyewe. Mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo walieleza kazi waliyoifanya Oslo kwa sungura: ukipitisha umeme wa haraka kwenye njia fulani ya hipokampasi, sinapsi za njia hiyo zinabaki na nguvu zaidi kwa saa nyingi. Kinachotokea ni hiki. Seli ya kwanza inamwaga glutamati, kemikali inayobeba ujumbe hadi seli ya pili. Upande wa pili kuna kipokezi kiitwacho NMDA, chenye tundu lililozibwa na magnesiamu. Glutamati peke yake haitoshi kulifungua. Lazima seli inayopokea iwe nayo imeamshwa kwa umeme wakati huohuo, ndipo magnesiamu inatoka na kalsiamu inaingia. Yaani kipokezi hiki kinagundua kwamba mambo mawili yametokea pamoja. Kalsiamu ikiingia inawasha vimeng'enya, ndani ya dakika chache vipokezi vilivyokwisha kutengenezwa zamani vinapandishwa juu ya sinapsi, na sinapsi inaimarika. Hadi hapa protini mpya haijatumika. Uimara huu hufifia baada ya saa chache.

Amri ya kutengeneza protini inakuja pale kishindo kinaporudiwa, kwa mfano umeme uleule ukipitishwa mara nne kwa kupumzisha katikati. Hapo kalsiamu na BDNF kwa pamoja huamsha misururu miwili ya vimeng'enya, kimoja kikikibandika fosfati kingine. Msururu mmoja huishia kwa kiitwacho ERK. Mwingine huishia kwa mTOR, na huyu ndiye nitakayekaa naye.

RNA mjumbe ina alama ya kemikali mwanzoni mwake, wanabiolojia huiita kofia. Ribosomu haianzi kusoma mpaka protini iitwayo eIF4E ishike kofia hiyo. Kwenye seli iliyotulia, eIF4E nyingi zimekamatwa na protini nyingine, 4E-BP, ambayo kazi yake ni kuzishikilia zisifanye kazi. mTOR ikiwashwa inaibandika 4E-BP fosfati, 4E-BP inalegea, eIF4E inaachiwa, kofia inashikwa, ribosomu inaanza. Ni hivyo tu. Hakuna kilichoongezwa, kuna kilichoachiwa.

Jina mTOR lina historia ya kuchekesha. Mwaka 1964 msafara kutoka Kanada ulikwenda Kisiwa cha Pasaka, katikati ya Pasifiki, kisiwa ambacho wenyeji hukiita Rapa Nui. Wakachota udongo. Ndani ya udongo huo maabara ya Montreal ikapata bakteria anayetoa kemikali ya kuua fangasi, wakaiita rapamaisini kwa heshima ya kisiwa. Baadaye ikawa dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo iliyopandikizwa. Ilipofika 1991, watafiti wa Basel wakagundua inashika nini ndani ya seli, na waligundua kwa kutumia hamira, ileile ya maandazi. TOR ni kifupi cha Kiingereza cha "shabaha ya rapamaisini", na m ya mbele ni ya mamalia. Na hiyo dawa ya udongo, ukiitia kwenye kipande cha hipokampasi, uimara wa muda mfupi unatokea kama kawaida, wa muda mrefu haupo. Hilo lilichapishwa 2002.

Hapa ndipo mimi hushangaa kila mwaka hata kama wanafunzi wanapiga miayo. Hamira haina ubongo. TOR inafanya nini ndani ya hamira? Inapima chakula. Asidi amino, yaani matofali ya kujengea protini, zikiwa nyingi, TOR inawaka, seli inatengeneza protini na kukua. Njaa ikija, TOR inazima. Ndugu yake katika kazi hii ni GCN2, naye kwa mara ya kwanza alijulikana kwa hamira: asidi amino zikipungua, GCN2 anaibandika fosfati protini nyingine inayohitajika kuanzisha ribosomu, eIF2, na utengenezaji wa protini unapungua seli nzima. Mfumo wa kujihami na ukame, mkongwe kuliko mnyama yeyote. Seli ya neva iliurithi ukiwa tayari unajua kuuliza swali moja, je, hali inaruhusu tutumie mtaji? Ikaupa kazi ya pili ya kuuliza kama jambo hili linastahili kukumbukwa. Nikisikia mtu anasema ubongo ni kitu cha pekee kisicho na mfano duniani, nakubali nusu. Vipuri vyake vingi vilikuwa kwenye hamira.

Mauro Costa-Mattioli na Nahum Sonenberg, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2005 habari za panya wasio na GCN2. Kwa panya hao, kishindo kimoja dhaifu ambacho kwa kawaida hufifia kilileta uimara wa muda mrefu. Wakifundishwa kidogo tu kutafuta jukwaa lililofichwa majini, walikumbuka kuliko panya wa kawaida. Mtu angesema basi tuondoe GCN2 tuwe na akili. Ila panya haohao wakifundishwa sana, walishindwa na wenzao wa kawaida, na kile kishindo cha mara nne hakikuleta uimara unaotakiwa. Mwaka 2013 maabara ya Peter Walter huko San Francisco ikaeleza molekuli waliyoiita ISRIB, inayofuta matokeo ya ile fosfati ya eIF2, na panya waliopewa walikumbuka vizuri zaidi. Tangu hapo maneno ya kidonge cha akili hayajaisha. Stendi yetu ina watu wanaouza unga wa "kufungua ubongo" kwa watoto wa darasa la saba, na naomba asitokee mmoja akabandika jina la GCN2 kwenye kopo. Na kwa wanaoniuliza: mtoto asiyekula asubuhi ana shida zake za kweli darasani, lakini panya aliyeondolewa jeni si ushahidi wa uji wa asubuhi. Uji una sababu zake za kutosha.

Madhara ya kuachia mno yanaonekana wazi zaidi kwa watoto. Kuna protini iitwayo FMRP inayozishika RNA mjumbe kwenye matawi na kuzisimamisha ribosomu zisiendelee. Jeni yake, FMR1, iko kwenye kromosomu X na ilitambuliwa mwaka 1991. Sehemu yake moja ina herufi CGG zinazojirudia. Zikivuka marudio 200, jeni inazimwa na FMRP haipo. Wanaozaliwa hivyo wana hali iitwayo X dhaifu, ambayo ndiyo sababu ya kurithi inayoongoza kwa ulemavu wa akili, takriban mvulana mmoja kati ya 4,000 hadi 7,000. Kwenye matawi ya seli zao protini zinatengenezwa bila mvuvi kugonga mlango. Vichipukizi vinakuwa virefu na vyembamba, kama havijakomaa. Kinachosumbua akili ya mtoto huyu ni wingi, na hilo watu wazima huwa hawalitegemei, kwa sababu tumezoea kudhani ulemavu ni upungufu wa kitu. Mtaani, tukubaliane, maelezo yanayotolewa ni mengine kabisa, na mara nyingi mama ndiye anayeelekezewa vidole. Ni kweli marudio hayo huongezeka yanaporithishwa na mama, lakini hajafanya chochote kuyaleta.

Mark Bear, Kimberly Huber na wenzao walikuwa na wazo zuri. Kuna kipokezi cha glutamati, mGluR5, kinachoamuru protini zitengenezwe palepale kwenye tawi, safari hii ili sinapsi idhoofike, maana kujifunza ni pamoja na kudhoofisha. Bila FMRP, amri ya kipokezi hicho inapitiliza. Basi kizime kidogo. Kwa panya lilifanya kazi kwa namna ya kufurahisha. Kwa watu, majaribio ya dawa ya aina hiyo kwa vijana na watu wazima, yaliyochapishwa 2016, hayakuonyesha nafuu. Kwa upande wa mTOR hali ni nzuri kidogo: watoto wenye ugonjwa wa tuberous sclerosis, ambao jeni zinazoizuia mTOR zimeharibika, wana dawa ya ukoo wa rapamaisini iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya kwa ajili ya degedege zao.

Turudi kwenye anwani, kwa sababu kuna kitu hapo kilichobadilisha ninavyopanga vipindi. Uwe Frey na Richard Morris walionyesha mwaka 1997 kwamba sinapsi iliyopigwa kishindo dhaifu, ambacho peke yake kingefifia, hudumu kama sinapsi nyingine za seli hiyohiyo zikipata kishindo kikubwa ndani ya saa chache. Sinapsi dhaifu inajiwekea alama. Protini zilizotengenezwa kwa sababu ya jirani zikipita, inazikamata. Jambo dogo linakumbukwa kwa kudandia jambo kubwa. Watafiti wa Argentina, Haydée Viola na wenzake, wakaipeleka habari hii kwa panya, kisha mwaka 2013 wakachapisha ya watoto wa shule ya msingi. Watoto walisomewa hadithi. Waliopata kipindi kipya cha ajabuajabu cha sayansi au muziki saa moja kabla au saa moja baada ya hadithi, waliikumbuka vizuri zaidi kesho yake. Kipindi hicho kikiwa saa nne mbali, hakikusaidia. Kikiwa cha mambo waliyoyazoea, hakikusaidia pia. Hakuna aliyefungua ubongo wa mtoto kutazama protini, kwa hiyo kwa watoto tuna tabia inayolingana na nadharia, basi. Lakini gharama yake ni ndogo mno. Siku nikiwa na mada ngumu, najitahidi iangukie karibu na jambo wasilolizoea. Mara ya mwisho nilileta samaki mzima aina ya kuhe kutoka mwaloni tukampasua juu ya meza, nusu saa baada ya kumaliza mzunguko wa Krebs. Mwenzangu wa chumba cha pili alilalamikia harufu hadi Ijumaa.

Ni siku hiyo ya kuhe mvulana mmoja wa kidato cha sita, mtu wa Kasulu, aliponyoosha mkono. "Madam, protini si zinaoza?" Zinaoza. Nyingi za kwenye ubongo huishi siku chache hadi wiki kadhaa. "Sasa bibi yangu anakumbukaje siku waliyohamishwa Operesheni Vijiji? Anakumbuka hadi mbuzi aliyebaki."

Hiyo ni miaka ya 1970. Nikamweleza habari ya Todd Sacktor na kimeng'enya chake PKM zeta, ambacho kikishatengenezwa hubaki kimewaka bila kusubiri amri. Kwa miaka alidai hicho ndicho kinachoitunza kumbukumbu. Mwaka 2013 makundi mawili yakatengeneza panya wasio nacho kabisa, na panya hao wakakumbuka kama wenzao. Watu wakadhani hadithi imekwisha. Mwaka 2024 Sacktor, André Fenton na wenzao wakarudi na protini nyingine, KIBRA, inayokaa kwenye sinapsi zilizoimarishwa na kukishika PKM zeta hapo. Ukiwatenganisha kwa kemikali, kumbukumbu ya panya iliyokwisha kukaa wiki kadhaa inafutika, na kemikali hiyo haiwagusi wale panya wasio na kimeng'enya hicho.

"Na KIBRA nayo ikioza?"

Nikamwambia wao wanadai jozi haivunjiki yote kwa mara moja: moja ikioza, mpya imeshafika kushika nafasi yake, na mwenzake yupo wa kumwonyesha mahali. Hakuridhika. Akasema hayo ni maelezo ya wiki kadhaa za panya, yeye ameuliza miaka hamsini ya bibi yake.